Hodi Kwenye Maboksi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na lile goti lako lisilopenda ngazi. Mimi ni mzima, na safari hii usinune, si chupa inayosema. Sijagusa pombe tangu mvua za mwaka jana.

Najua utauliza ni pepo gani lililonitoka. Nilikuwa bado nalala nyuma ya ghala, juu ya maboksi, mimi na mwenzangu tuliyempachika jina la Meya kwa kupenda kwake kutoa amri. Asubuhi moja akaja muuguzi wa kituo kinachosaidia watu kuacha ulevi. Wengine walikuwa wakituamsha kwa kiatu. Yeye alisimama ukingoni mwa boksi langu, akapiga hodi, akangoja. Dada, hodi, kwenye boksi! Nikataka kumkaribisha, ulimi ukateleza, nikamwambia kwaheri. Akacheka, akasema basi atarudi siku nyingine, akaenda zake. Meya alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliona aibu kuliko siku ile uliyonifukuza kwako, na ulikuwa na haki.

Tangu hapo nikawa sinywi asubuhi, nisije nikaboronga tena. Aliporudi nilimkaribisha kabla hajamaliza hodi yake, nikamfuata kituoni, na Meya nyuma yangu. Wiki za mwanzo nilitetemeka hadi chai ikamwagika yote kabla haijafika mdomoni. Mshauri wa pale akatuuliza kila mtu anaacha kwa ajili ya nini. Mmoja akataja wanawe, mwingine ini lake, Meya akataja wali wa kituoni. Mimi nikasema nataka mlango wangu, nimkaribishe mtu. Walicheka, ila mshauri aliniambia nishikilie hapo hapo.

Sasa nafua mashuka hospitalini, na nimepanga chumba. Meya anakuja kubisha hodi kila mara, mpaka siku nyingine najifanya sipo.

Lakini kuna jambo sijakuambia. Mwezi huu nimefika mlangoni kwako mara mbili, akili zangu timamu, shati limepigwa pasi. Nilikusikia ukiwagombeza watoto, nikainua mkono, nikashindwa kubisha. Pombe nimeiweza, dada, ila mlango wako naogopa. Jumapili nakuja tena. Nikibisha, tafadhali usimtume mtoto. Fungua wewe.

Wasalimu wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako, siku hizi ninanukia sabuni.