Utumbo Uliolala

12 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani

Dada mpendwa,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi sijambo, kadiri mtu aliyepasuliwa tumbo anavyoweza kudai. Uvimbe umetolewa, ila utumbo uliobaki umelala, haujaamka. Sili kitu, naishi kwa dripu. Muuguzi hunibandika vibandiko vyenye waya tumboni, anawasha kimashine, na umeme mdogo unanitekenya kama sisimizi wanaocheza ngoma. Wote wanasubiri jambo moja: nijambe. Nisipojamba kufikia Ijumaa, daktari atanipasua tena, na kwa umri wangu ananiambia wazi kwamba anaogopa.

Mke wa mwanangu, mzaliwa wa huku, habanduki kitandani pangu. Kutwa ananisomea magazeti. Nimepata mkwe.

Kaka yako

13 Machi

Kaka,

Mimi mzima, magoti tu yanalia kama bawaba. Binti yangu amenisomea barua yako kwenye simu. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Mkwe yuko hapo kutwa? Na wewe ndiye uliyekuwa ukienda uani kupiga chafya, mama mkwe wako akiwa sebuleni! Kaka, unajibana. Mtoe huyo mtoto wa watu chumbani, uachie!

Ukipona, rudi nyumbani. Chumba cha baba nimeshakipaka rangi.

Dada yako

16 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini magoti yamepoa. Umenijua! Kila tumbo liliponguruma, nilikaza. Mtu atajambaje mbele ya mkwe? Nikamtuma gazeti.

“Baba, nimeshanunua mawili.”

“Leta la tatu.”

Hakufika hata mlangoni. Ushuzi ulitoka mrefu, ukatikisa kitanda. Nilijifunika shuka usoni. Mara nikasikia kigelegele, kile alichofundishwa mkwe siku ya harusi yake. Muuguzi akaja mbio, wodi nzima ikapiga makofi, na mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa hanisalimu, akaja kunipa mkono. Daktari amefuta upasuaji.

Jioni mkwe alininywesha supu. “Kumbe siku zote ulikuwa unanionea haya? Mimi si mwanao?”

Nilifungua mdomo kupokea kijiko.

Miaka yote hii nimeishi huku kama msafiri aliyekaa juu ya sanduku lake. Lakini mtu hajambi vile ugenini, akashangiliwa. Chumba cha baba mpe mjukuu wako. Nakupenda, na nitakuandikia mpaka unichoke.

Sitarudi, dada.

Kaka yako