Mkononi Umeshika Nini

Kijijini, 4 Mei 2003

Rómulo, baba yangu,

Salamu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni mgeni aliyeingia bila hodi. Hujambo? Kifua je? Nasikia huko Lima ukungu haupandi wala haushuki, na wewe tangu utoto ukiguswa na unyevu unakohoa kama kondoo. Sisi hatujambo. Dada yako Eulogia mzima, mumewe mzima, mtoto wao ameota jino la tatu. Goti langu ni lile lile, halina jipya.

Jipya ni kwamba mama yako anasoma. Usicheke. Halmashauri imetuletea mwalimu wa uchoraji, binti anaitwa Vilma, kila Jumanne na Ijumaa katika ukumbi wa shule, mifugo ikisharudi zizini. Tuko wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili, na hao wawili wamefuata chai. Tunajifunza kuchora ubao wa darini, ule wa sura za jamaa unaofungwa chini ya paa nyumba ikiezekwa. Wazee waliokuwa wakiuchora wameisha, na Vilma anasema tusipojifunza sisi, nyumba zitaezekwa zikiwa bubu. Mstari mwembamba unachorwa kwa unyoya wa kuku. Mkono wangu uliozoea jembe, sasa unashika unyoya.

Sasa sikiliza. Nyumba ya Eulogia inaezekwa tarehe ishirini na tatu Agosti. Kumpadre Teófilo ndiye aliyemshika mtoto wao kwenye ubatizo, kwa hiyo ubao ni wajibu wake, naye ameagiza darasa letu tumchoree. Chini kabisa Bikira, juu yake wenye nyumba, kisha wazazi, kisha ndugu, juu kabisa jua. Mimi nimepewa safu ya ndugu. Walisema, Saturnina anawajua sura, aliwazaa.

Desturi unaijua, ila mjini mtu husahau. Kila mtu anachorwa na kazi yake mkononi. Mikono mitupu ni ya marehemu. Juzi Vilma alimchora baba yako kwa mkaa, viganja wazi, nikatoka nje kupunga upepo. Basi niambie: huko kwenye uuguzi mkononi unashika nini? Sindano? Kile kidude cha kusikiliza moyo? Koti ni jeupe au la buluu? Niambie upesi.

Nimempa dereva Abdón jibini mbili akuletee. Yenye alama ya kidole changu ndiyo nzuri.

Mama yako,
Saturnina


Lima, 24 Mei 2003

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa njaa ya mkono wako. Mimi mzima, kifua hakijambo. Ile jibini ya kidole niliila siku moja, ya pili nikaificha nisiimalize, kisha nikaenda kuitafuta nilikoificha.

Nimefurahi unasoma. Mbwa wetu bado anamfukuza padri? Goti ulipake mafuta ya ng'ombe, usingoje lijae maji. Huku baridi, basi zimejaa, siku zinakimbia.

Kuhusu ubao, chora chochote mama. Wewe unajua zaidi.

Mwanao,
Rómulo


Kijijini, 8 Juni 2003

Rómulo, baba,

U hali gani? Sisi ni wazima, tunashukuru. Padri amenunua fimbo, na mbwa anaiheshimu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea Eulogia kwa sauti, nikidhani labda macho yangu yameruka mstari. Hukuniambia unashika nini.

"Chochote" hakichoreki. Vilma hakitaki kabisa. Shangazi yako Fortunata amechorwa na kijiti cha kusokotea sufu, akaja juu, anataka apewe mzani wa sokoni ili watu wajue yeye ni mfanyabiashara. Vilma akamwambia, "Shangazi, mzani wenyewe si umeuazima?" Hajanisalimia tangu siku hiyo, kana kwamba ni mimi niliyesema. Na binamu yako Nicasio alipofika kuchungulia alijikuta ubaoni ameshika chupa.

"Na hii chupa?"

"Si ndiyo kazi yako?" wakamwambia.

"Kazi yangu ni kuezeka."

"Basi ezeka, tukuone."

Akaenda kwa hasira, na kesho yake asubuhi alikuwa juu ya kuta za Eulogia anapima miti. Tumeifuta chupa, tumempa kamba. Unaona ubao ulivyo na nguvu.

Wewe nimekuchora mara nne. Sura imekaa vizuri, hata masikio. Nikifika mkononi nasimama. Nikiweka sindano naona kama nimekuwekea mwiba, nafuta. Vilma ameniuliza, "Mama Saturnina, mwanao ni muuguzi au siyo?" Nikasema ni muuguzi. Akasema, "Basi mbona unafuta kila mara?"

Sindano iko mkono wa kulia au wa kushoto? Hilo tu.

Mama yako,
Saturnina


Kijijini, 2 Julai 2003

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, kwa hiyo naanza kwa kuuliza hilo na nitamaliza kwa kuuliza hilo.

Mfuko wa viazi vikavu niliompa Abdón umerudi. Anasema alikungoja kituoni saa mbili nzima, hukutokea. Nikamuuliza, hukwenda kumtafuta kwenye ile nyumba anayopanga? Akasema alikwenda, wakamwambia ulihama kabla ya Pasaka. Kabla ya Pasaka, Rómulo. Na barua zangu nazipeleka kwenye mlango huo huo.

Sikai, sisimami. Jana nimewafungulia kondoo nikiwa nimeshika ufagio badala ya fimbo, nikafika nao hadi mtoni ndipo nikajiona. Eulogia anasema nikapige simu dukani kwa Hermelinda. Nipige kwa nani? Na pale dukani ukisema neno moja, bwawani wanafua nguo na neno hilo.

Sikuulizi tena unashika nini. U mzima?

Mama


Kijijini, 27 Julai 2003

Rómulo,

Sijapata neno lako, lakini mwenye nyumba yako ya zamani alimwambia Abdón kuwa barua huwa unazipitia. Basi pitia na hii.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Santiago. Ng'ombe wamefungwa tepe masikioni, bendi imekuja kutoka bondeni, na Vilma akaweka kazi za darasa letu uwanjani ili watu watazame. Ubao wa Eulogia ulisimamishwa katikati, mrefu kushinda mtu. Wote wamekwisha kuchorwa isipokuwa wewe. Nilisema ufunikwe kitambaa. Wakasema, Saturnina, acha mambo yako.

Akaja mgeni mmoja wa halmashauri, mtu mwenye adabu, kofia mkononi. Akasoma safu kutoka chini kwenda juu kama inavyotakiwa. Alipokufikia akainamisha kichwa, akaniuliza kwa upole, "Huyu kijana, mama, alifariki lini?"

Bendi ilikuwa inapiga. Watu walikuwa wanacheza. Niliung'oa ule ubao nikaubeba begani peke yangu, na goti hili, nikaupandisha mpaka nyumbani. Vilma alinifuata nyuma akisema, "Mama, rangi, rangi mbichi hiyo." Bega langu hadi sasa lina rangi ya koti la baba yako.

Ubao umelala kitandani kwako. Mimi naupita kila ninapokwenda jikoni. Kwenye ubao wa nyumba yetu ya zamani mna viganja vitupu vingi, vya miaka ile ya vita. Sikujifunza uchoraji uzeeni ili niongeze kingine.

Mama yako


Lima, 5 Agosti 2003

Mama,

Ni mzima. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo uliloomba. Ni mzima, sijaugua, sijafungwa.

Si muuguzi, mama. Nilishindwa mtihani, nikaruhusiwa kurudia, nikashindwa tena. Mwaka jana mwezi wa tatu waliniondoa. Nilipanga nikuambie mwezi wa nne. Mwezi wa nne ukaniandikia kuwa umemwambia padri, na padri amewaambia watu kanisani kuwa kijiji kina muuguzi. Nikaahirisha hadi wa tano. Unajua namna uongo unavyolala: ukishaufunika blanketi, kuuamsha ni kazi.

Nimebeba mizigo, nimefagia sinema. Tangu mwezi wa pili niko kwenye mkahawa wa kuku wa kuoka, upande wa kaskazini wa mji. Sioki wala sipiki. Nasimama mlangoni nimevaa kuku. Ni vazi zima, mama, manyoya ya manjano, kichwa kikubwa, naona kupitia mdomoni. Muziki ukipigwa nacheza ili watu waingie. Watoto wananipenda. Wakubwa wananisukuma.

Abdón alikuja mwezi wa sita na mkewe na watoto. Nilimwona mimi, yeye hakuniona. Nilicheza mbele yake wimbo mzima, nikambeba na binti yake mdogo. Jasho lilinitoka, si la joto. Ndiyo sababu sikwenda kituoni kuchukua viazi. Niliogopa atanitazama machoni, akayakumbuka yale aliyoyaona mdomoni mwa kuku.

Nakuomba jambo moja. Nichore na sindano. Mkono wa kulia. Ubao unakwenda darini, nani ataupandia kuuliza? Au usinichore kabisa. Ila usiniache mikono mitupu. Na kwenye kuezeka sitakuja.

Nisamehe.

Mwanao, kama bado inafaa kusaini hivyo,
Rómulo


Kijijini, 12 Agosti 2003

Mwanangu, na inafaa,

Salamu zipo, ila leo zinakaa pembeni kwanza.

Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikamkamua ng'ombe, naye amepiga ndoo teke kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na hasira. Mwaka mzima na nusu umenifanya niringe na sindano isiyokuwepo. Nimewahi kumwambia mke wa Teófilo kuwa mwanangu akija atamchoma dawa ya mgongo. Mgongo wa watu umengoja.

Sindano sitachora. Unauliza nani ataupandia ubao. Mtoto wa Eulogia atalala chali chini yake kila asubuhi mpaka awe mzee, naye atawajua watu wake kwa kuwatazama pale. Nimdanganye huyo? Hajanikosea kitu.

Na kukuacha nje sikuachi. Kwa hiyo nijibu sawasawa, usiniletee "chochote". Manyoya ni manjano ya mahindi au manjano ya ua la retama? Miguu ina rangi gani? Kishungi kinasimama au kimelala? Sura yako inaonekana wapi, maana sura nimeshaichora na siifuti, imenitoa jasho. Na unapocheza, mkononi umeshika nini?

Tena hili: watu wakikuona, kweli wanaingia wanakula? Kama wanaingia, hiyo ni kazi.

Jibu lako mpe Abdón mkononi, usipeleke posta. Gari lake linaondoka huko Jumatatu.

Mama yako,
Saturnina


Lima, 18 Agosti 2003

Mama,

Manjano ya mahindi. Miguu ya chungwa. Kishungi chekundu, kimelala upande, kilivunjika. Nikivua kichwa ninywe maji, nakikalia, ndipo sura inaonekana. Mkono wa kulia nashika kengele. Wa kushoto hauna kitu.

Wanaingia, ndiyo. Jumapili wanapanga foleni.

Mama, watacheka. Siku ya furaha ya Eulogia watanicheka mimi. Naomba usifanye.

Barua hii nampa utingo wa Abdón. Yeye mwenyewe sijathubutu.

Rómulo


Kijijini, 26 Agosti 2003

Rómulo, baba yangu,

Hujambo? Kifua je? Sisi tumechoka uchovu ule mzuri. Eulogia ana nyumba. Nicasio aliezeka bila kushuka hata kula, tukamtupia viazi juu.

Nikuambie ilivyokuwa. Kumpadre Teófilo alipanda na ubao umefungwa blanketi, bendi mbele, watu nyuma. Wakaufungua uani. Nilisimama mlangoni mwa jiko, nimeshika mwiko, sijui wa nini, chakula kilikuwa kimeshaiva.

Walicheka, usinione nakudanganya. Fortunata alicheka mpaka akakaa chini. "Kuku," akasema, "na sisi tulitangaziwa muuguzi." Nikamwambia, "Wewe umeshika kijiti cha kusokotea na hujasokota tangu Krismasi. Mwanangu kengele yake anaipiga kila siku." Basi wakamcheka yeye, na kicheko kikahama. Vilma alikuwa ameniambia mapema kwamba mkono mmoja ukiwa na kitu unatosha, huyo ni mtu hai. Kwa hiyo uko pale, manjano ya mahindi, umekalia kichwa cha kuku kama mfalme kwenye kigoda, sura yako na masikio yako, kengele kulia.

Padri aliusoma kutoka chini kwenda juu. Akasema atanitafutia nafasi Jumapili ya kusahihisha tangazo. Nikasema nitasahihisha mwenyewe, na nitafanya hivyo. Mke wa Teófilo nimeshamwomba radhi ya mgongo.

Ila Abdón hakucheka. Alikaribia ubao, akavua kofia, nami nikadhani naye anauliza ulifariki lini. Akasema, "Huyu kuku namjua."

Nikamuuliza unamjuaje.

"Nilikula pale na mke wangu na wanangu. Alikuwa anacheza mlangoni. Nikamwambia mke wangu, huyo kuku ni wa kwetu. Akasema umeanza kulewa. Nikamwambia tazama anavyokanyaga, mguu wa kushoto unachelewa kidogo, kisha unafika kwa kishindo. Hivyo alikuwa akikanyaga marehemu Gaudencio siku za Santiago. Hakuna mwingine."

Baba yako, Rómulo. Ulikuwa unakataa kucheza naye uwanjani, ukisema ni mambo ya washamba.

Nikamwuliza Abdón, "Na mimi ninavyohangaika, viazi vinarudi, usiniambie?"

Akasema, "Mwenye manyoya alijifanya hanijui, Saturnina. Nikasema ana sababu zake. Kumvua si kazi yangu."

Baadaye bendi ilipopiga, Nicasio akaenda kukanyaga hivyo, mguu ukichelewa, na watoto wakamfuata. Wanakuita kuku, ndiyo. Zoea.

Ubao umefungwa kwenye mhimili, kamba tatu. Mtoto wa Eulogia amelazwa chini yake jana, kakazia macho manjano tu, hatazami Bikira.

Nimempa Abdón jibini moja na viazi vile vile vilivyorudi. Hatakungoja kituoni. Atakuja mpaka mlangoni pa mkahawa, ukicheza ucheze, akuletee mkononi. Nimemwambia mkono wa kushoto.

Mama yako,
Saturnina