Kundi la Wazima

Jumatatu, 8 Julai 1996

Joto. Vumbi mpaka kwenye cherehani. Mchana Daktari Helen wa Nairobi aliingia dukani, yule anayechunguza hali ya moyo ya kina mama baada ya kujifungua. Amewahoji wakimbizi wa Kakuma, sasa anatafuta kina mama wa Lodwar ambao hawajawahi kuugua huzuni, apate kulinganisha. Nikamwambia mimi hapa. Mimba inakua vizuri, mtoto anacheza tumboni, na mume wangu Ewoi kila akirudi na lori kutoka Kalokol ananiletea samaki. Mzima kama mimi atampata wapi?

Jumatano, 10 Julai

Mahojiano. Mepesi mwanzoni — usingizi, chakula, kazi. Halafu akauliza kuhusu mtoto wangu wa kwanza. Nikasema Lokol yuko Kaaleng kwa mama mkwe tangu akiwa mchanga. Akauliza kwa nini.

Nikaeleza. Sijawahi kueleza. Wiki zile za kwanza baada ya kujifungua sikulala. Maziwa yalikuwepo, lakini nilikuwa naogopa kumshika. Nilitazama ukuta tu, na niliamini kabisa kwamba angekuwa salama zaidi bila mimi. Mama mkwe akachinja mbuzi, nikapakwa kinyesi cha utumbo wake kuondoa mkosi, haikusaidia. Mwishowe akambeba mtoto, akaenda naye. Watu wakasema sina moyo wa mama. Hata mimi nikaamini.

Daktari aliweka kalamu chini. "Rispa, huo ulikuwa ugonjwa. Una jina, na unatibika."

Kwa hiyo nimetolewa kwenye kundi la wazima. Nimefeli kuwa mzima! Nilicheka njia nzima. Nililia pia, kidogo.

Ijumaa, 12 Julai

Kakuma, kwa gari la daktari. Kina mama waliopitia mambo kama yangu, tumekaa chini ya turubai. Aliyekaa kando yangu ni Aluong, Mdinka wa Sudan, anauza chai sokoni kambini. Nilipomaliza kusimulia alinishika mkono.

"Mimi pia ilikuwa naogopa mtoto yangu," akasema. "Sasa ona."

Mtoto mwenyewe alikuwa anatafuna shuka la mama yake. Nikamwomba Aluong nimpakate, akanipa. Akalala kifuani kwangu, mzito, jasho tupu. Sikuogopa.

Daktari hakunificha: huenda hali ile ikarudi nikijifungua. Lakini safari hii nitaangaliwa tangu mwanzo, na sitaachwa peke yangu. Anataka Ewoi ajue.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia Ewoi baada ya kanisa. Akauliza mbona hakuna aliyetuambia wakati ule. Na akanipa habari aliyokuwa ameificha: mama yake yuko njiani, anakuja kupanga jinsi ya kumchukua na huyu wa pili.

Nikasema hapana. Sikupandisha sauti. Huyu nitamlea mwenyewe, na Lokol namtaka nyumbani. Ewoi akasema, basi mama nitaongea naye mimi.

Usingizi mzuri. Ajabu.

Alhamisi, 18 Julai

Wamefika, mama mkwe na Lokol. Nilimsalimu mama mkwe ejok, akaitikia vizuri tu. Lokol amerefuka! Ananiita Rispa, kama jirani. Imeniuma. Lakini alikula mandazi yangu yote, akauliza kama yapo mengine.

Jioni Ewoi alimweleza mama yake kila kitu, kwa Kiturkana, taratibu. Nilingoja aseme nimerogwa. Hakusema. Alimtazama Ewoi — mzaliwa wake wa kwanza — kama anayemwona tena akiwa mchanga. Kisha akanigeukia mimi, si mwanawe.

"Huyo daktari wenu," akasema, "wanawake wazee pia anawauliza?"

Nikamwambia anawauliza, Mama. Atakuwa hapa Jumatatu. Akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka, karibu naye. Sijakaa bado. Nimeingia ndani kuchukua sukari, naandika haya nimesimama. Huko nje namsikia Lokol anamuuliza bibi yake kwa nini analia.