Samaki wa Mti Kati ya Meno

Ihembe,
4 Machi 2024

Ainembabazi,

Toa hicho kitu mdomoni. Salamu utazikuta chini, kwanza kitoe.

Baba yako mdogo Nestory amerudi jana kutoka kwako Nkwenda na picha kwenye simu. Anacheka, eti, "Mama, tazama mjukuu wako anavyochapa kazi." Nimetazama. Nimekuona umeketi mlangoni, tumbo la miezi sita limekulalia mapajani, mkono mmoja kopo la rangi, mkono wa pili brashi, na samaki wa mti ananing'inia menoni mwako kama paka aliyeiba jikoni. Nestory alicheka peke yake.

Sasa salamu. Hujambo? Mumeo Theoneste hajambo? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, mgongo ndio huo huo, mvua imeanza, ndizi zipo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa elimu ya watu wazima, sikumpa mtu aniandikie. Kwenye simu kila nikianza kukukaripia mtandao wako unapotea. Karatasi haipotezi mtandao. Novatus wa bodaboda ataileta siku ya gulio na ndiye atakayenirudishia jibu.

Kwamba mnachonga samaki wa kudanganyia samaki, hilo nilishalikubali. Kama wageni wa Bukoba wanataka kuvua sangara kwa kipande cha ubao, shauri yao, na sangara anayeng'ata ubao ni mjinga. Lakini rangi ya mafuta si uji. Thina inang'oa rangi kwenye mlango wa chuma, itashindwa kufika kwa huyo mtoto? Nieleze. Hakuna kitu kingine duniani cha kumshikia samaki isipokuwa meno ya mwanamke mjamzito?

Bibi yako,
Kokwijuka


Nkwenda,
11 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Sisi wazima, miguu imepungua kuvimba. Pole na mgongo. Theoneste anakusalimu, anasema anakuogopa kwenye karatasi kuliko ana kwa ana.

Bibi, usikasirike, nisikilize. Bwana Winston, yule anayewapeleka wageni ziwani kuvua, ametuagiza samaki arobaini kabla ya mwisho wa Aprili. Hatujawahi kupata kazi kubwa hivyo. Theoneste anachonga na kupiga msasa, kupaka ni kwangu. Samaki mwenyewe ana urefu wa kidole, na anapakwa pande zote: tumbo jeupe, mgongo wa kijani, halafu madoa, halafu mashavu mekundu. Ukimshika kwa vidole alama ya dole gumba inabaki. Nilimbana kwa kibanio cha nguo, kibanio kikaondoka na rangi ya mkiani. Nikamtundika kwa uzi kwenye boriti. Kila nikimgusa na brashi anageuka ananipa mgongo, kama mtu aliyenuna. Sasa puani ana kijiti cha waya, pale inapofungwa kamba ya mvuvi. Waya huo ukiung'ata, samaki anatulia. Namgeuza kwa ulimi na mikono yote miwili iko huru.

Na ni wewe uliyenifundisha, bibi. Nilikuwa na miaka saba, tunasuka vikapu barazani, nikaweka nyasi chini. Ulinipiga kofi mkononi ukasema nyasi inayosubiri zamu inakaa menoni, si kwenye vumbi. Basi mimi samaki wangu nao wanasubiri menoni.

Rangi simezi. Kichwa kinaniuma kidogo tu jioni, lakini wenzangu kliniki wanasema ndiyo mimba zilivyo.

Mjukuu wako,
Ainembabazi


Ihembe,
18 Machi 2024

Mwijukuru, mjukuu wangu,

Hujambo? Na hao wenzako wa kliniki hawajambo? Wanalamba thina na wao?

Usinibebeshe mzigo wako. Nyasi ni nyasi. Ng'ombe anakula nyasi anazaa ndama. Umewahi kuona ng'ombe anachungwa kwenye duka la rangi?

Nimemaliza siku mbili nikifikiria samaki wako badala ya kupalilia maharage. Nikachukua viazi vitamu vitatu, vidogo, nikachukua chokaa iliyobaki Nestory alipopaka nyumba, na spoku za ile baiskeli yake mbovu. Nikaketi uani nikaanza kupaka viazi. Agnetha jirani akapita, akasimama, akasema, "Mama Nestory, viazi vinaolewa lini?" Nikamwambia apite njia yake.

Sikiliza njia yenyewe. Theoneste atoboe kijitundu mkiani mwa samaki, pale ndoano itakapofungwa baadaye. Ndoano iwe ya mwisho, rangi ikishakauka, msije mkang'oana midomo. Ncha ya spoku iingie kwenye kijitundu hicho kwa nguvu, ikae. Hapo una mpini. Unashika spoku, samaki anatazama juu, unamzungusha kwa vidole, unapaka tumbo, unapaka mgongo, hujamgusa. Ukimaliza, unaichomeka spoku kwenye kipande cha mgomba kilicholazwa chini, samaki anabaki amesimama mpaka akauke. Kiazi changu cha tatu hakikuwa na alama hata moja. Agnetha aje apake cha kwake tuone.

Na upakie nje, upepo ukupige kisogoni, harufu iende kwa wengine.

Nijibu mambo mawili. Mtoto anacheza tumboni? Na hao samaki wanakaukia chumba gani, chumba mnacholala?

Bibi yako,
Kokwijuka


Nkwenda,
3 Aprili 2024

Bibi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi ilitubana. Huku tu wazima, natumaini mgongo umepoa.

Spoku zimekubali, bibi. Theoneste amepiga magoti akasema uje uwe fundi mkuu. Mgomba ndio uliotusumbua, ulitoa maji na utomvu, samaki wawili wakaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Akaleta magunzi makavu ya mahindi, akayapigilia kwenye ubao, spoku inazama kwenye gunzi na haitikisiki. Sasa samaki ishirini na wanne wamesimama kama wanafunzi mstarini. Watu wanatoka gulioni kuja kutazama.

Mashavu tu ndiyo bado namalizia kwa njia yangu, maana mstari wa shavu ni mwembamba na mkono ukishika spoku unatetemeka. Ni dakika moja kwa kila samaki. Mvua haitupi nafasi ya kupakia nje.

Msalimie Agnetha.

Mjukuu wako,
Ainembabazi


Ihembe,
8 Aprili 2024

Ainembabazi,

Nilikuuliza kama mtoto anacheza. Umenijibu samaki wamesimama.

Nilikuuliza samaki wanakaukia wapi. Umenijibu mvua.

Salamu zako nimezipata, zangu chukua, hatuna muda. Barua yako nimeisoma mara nne. Mkono wako hauko sawa, herufi zinaanguka mwishoni mwa mstari. Kwa nini mkono unatetemeka ukishika spoku? Zamani ulikuwa unapitisha uzi kwenye sindano nje, jua likizama.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo babu yako alikufa bila kulisikia. Baada ya baba yako na kabla ya Nestory nilibeba mimba nyingine. Mwaka ule mibuni ilikuwa na wadudu, tukapewa dawa ya unga, imefungwa kwenye vifuko vya plastiki. Mimi ndiye niliyekuwa nachanganya. Mkono huu ndoo, mkono huu mti wa kukorogea. Vifuko nilivifungua kwa meno. Nilikuwa nafungua kila kitu kwa meno, nilikuwa na meno mazuri, nikajivunia. Unga unaingia mdomoni, natema, naendelea. Kichwa kikaniuma jioni. Wanawake wenzangu wakasema ndiyo mimba zilivyo.

Mwezi wa saba akaacha kucheza. Nilinyamaza siku tano, nikasema amelala. Alikuwa wa kike. Tumemzika nyuma ya nyumba, karibu na ule mstari wa mibuni ya zamani, pale ninapokukataza kulima.

Sijui kama ni dawa. Hakuna aliyeniambia ni dawa na hakuna aliyeniambia siyo. Sikuuliza, niliona aibu kuuliza. Baadaye nikakaa na wewe barazani nikakufundisha kuweka vitu menoni, kwa sababu mkono ulishazoea na mdomo ulishazoea, sikufikiri. Hilo ni langu. Nimekukatalia kwenye barua iliyopita, sasa nakubali.

Wewe usinyamaze siku tano. Nenda zahanati kesho. Usimuulize Theoneste, usimuulize Winston.

Bibi yako,
Kokwijuka


Ihembe,
22 Aprili 2024

Ainembabazi,

Wiki mbili. Novatus anaapa alikupa barua yangu mkononi na ukaifungua mbele yake. Jumamosi amerudi kwako amekuta kufuli mlangoni na harufu ya rangi inatokea chini ya mlango. Simu yako haipatikani, ya Theoneste inaita mpaka inachoka.

Kama umekasirika kwa yale niliyoandika, kasirika, lakini andika. Hata neno moja. Hata uniandikie tusi.

Sili vizuri. Agnetha ananiletea uji, naumwagia kuku.

Bibi yako


Nkwenda,
25 Aprili 2024

Bibi, shikamoo.

Nisamehe. Simu iliharibika, na kuandika nilishindwa kwa aibu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Siku ile nilipokuandikia habari za magunzi, mtoto alikuwa na siku mbili hachezi vizuri. Niliogopa kukuandikia. Nilijiambia amelala.

Kesho yake baada ya kupata barua yako nilikwenda zahanati, peke yangu. Nesi akaweka kile kipembe chake tumboni akasikiliza muda mrefu, mpaka nikaanza kusali moyoni. Akasema mapigo yapo. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomweleza alinifungua mdomo akatazama fizi zangu, akaniuliza mara mbili kama nasema kweli. Amenikataza rangi, amenikataza na kile chumba. Ndiyo, bibi, ni chumba tunacholala. Nimehamia kwa shangazi yake Theoneste, huku juu ya gulio, ndiyo sababu Novatus alikuta kufuli.

Nesi anasema tumbo ni dogo kuliko miezi yake. Hajui kwa nini. Ameandika niende hospitali ya wilaya nikapigwe picha ya tumbo, Alhamisi tarehe mbili mwezi wa tano. Mtoto anacheza sasa. Jana mara tatu, leo mara moja tu mpaka saa hizi, na ni jioni.

Leo nimepita nyumbani kuchukua kanga. Samaki sita wamebaki bila mashavu na Theoneste alikuwa anawamalizia. Alikuwa amemng'ata samaki, bibi. Vile vile kama mimi. Anasema tuwamalize kwanza hawa wa Winston, hospitali twende wiki inayofuata, siku saba si nyingi. Na mimi nusu ya moyo inamkubali, kwa sababu nikienda wataniambia jambo, nami sitaki kuambiwa.

Niambie nifanye nini.

Mjukuu wako,
Ainembabazi


Ihembe,
27 Aprili 2024

Mwijukuru wangu Ainembabazi,

Umefanya vizuri kwenda. Umefanya vizuri kuandika. Sifa zimeishia hapo.

Mpe Theoneste karatasi hii asome mstari huu kwa sauti, mbele ya shangazi yake: Mkwe, una meno thelathini na mawili na hakuna hata moja linalofikiri. Samaki sita wasio na mashavu waende kwa Winston hivyo hivyo. Akilalamika, mwambie aje Ihembe anilalamikie mimi. Siku saba ninazijua. Mimi nilitumia tano.

Sasa wewe. Unaogopa kuambiwa. Na mimi naogopa, tangu juzi mikono yangu haishiki jembe. Utaogopa ukiwa njiani, si ukiwa umekaa kwa shangazi.

Nestory atakuja Jumatano na gari la kukodi, usipande bodaboda. Utalala tayari umefunga mfuko wako na kadi ya kliniki iwe juu. Alhamisi saa moja asubuhi utanikuta kwenye benchi la hospitali, nitakuwa nimekushikia nafasi. Tutaingia wawili. Daktari akiuliza kazi yako, usifiche kitu, taja rangi, taja thina, taja meno. Ukishindwa kusema nitasema mimi, na langu la zamani nitalisema pia, alijue.

Lolote atakalosema, ukitoka hapo usirudi Nkwenda kuchukua nguo. Utavaa zangu. Panda gari na Nestory, njoo Ihembe, ukae hapa mpaka uzae.

Bibi yako,
Kokwijuka