Nukta Iliyotoka Nje ya Mstari

Jumatatu, 3 Machi. Lusangi.
Mto unapanda polepole, hakuna hatari. Kasema chifu, baada ya kuletewa grafu ya kimo cha mto iliyochorwa na wanafunzi. Kambi ya wachimba dhahabu ibaki ukingoni. Nimetuma habari hiyo redioni kwetu Kasongo. Nimechoka. Pikipiki, matope.

Jumanne, 4 Machi.
Nimeiona grafu ubaoni. Mstari umenyooka mno. Kipimo cha Jumapili hakipo. Mahali pake pana doa la chaki iliyofutwa. Mwalimu Feruzi wa hesabu alishtuka. Zaina, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyepima na ndiye aliyefuta. Hakuficha. Jumapili maji yalimfika magotini pale anaposimama kila siku pakavu.

"Nukta ilitoka inje ya mstari, papa. Hesabu haikosi. Ni mimi nilikosa."

Nikamwuliza, kama baba kweli: na magoti yako?

"Magoti si hesabu."

Darasa likacheka. Wote wanaamini hivyo. Feruzi hakucheka. Ni yeye anayekata pointi mstari ukipinda.

Assani, kaka yake Zaina, analala kambini.

Jumatano, 5 Machi.
Tumemrudia chifu. Feruzi alichora nukta upya, juu kabisa. Chifu alisema nukta moja haihamishi watu, tulete nyingine. Zaina alimwambia, nusura alie, kwamba aliona maji kwa macho yake. Akajibiwa kwamba Jumatatu alileta grafu nyingine. Mvua tangu adhuhuri.

Alhamisi, 6 Machi.
Maji yameingia kambini alfajiri. Wengine walikimbilia juu. Assani hajaonekana.
Nimetuma habari. Habari kama hii sijazoea.

Ijumaa, 7 Machi.
Assani hakuna.

Jumamosi, 8 Machi.
Nikifumba macho naona lile doa jeupe. Nikifumbua, lipo: ukutani, kwenye sahani, juu ya maji. Namwogopa Zaina. Hanilaumu, ananitazama tu. Mimi pia niliandika "hakuna hatari".
Feruzi amewaambia wanafunzi kwamba mto haujui mstari wao. Mmoja akauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani.

Jumapili, 9 Machi.
Maji yameshuka. Zaina alikwenda kupima peke yake, akaweka nukta ubaoni, mbali chini ya zile nyingine. Hakuziunganisha. Mama yake alikuwa mlangoni mwa darasa, akimsubiri.
Kesho saa kumi na mbili asubuhi wanaume wataanza kumtafuta Assani upande wa chini wa mto, kuanzia kivukoni. Nitakwenda nao.