Kikao cha Suti Iliyofumuliwa na Kanuni ya Kutoulizana

UMOJA WA TUNAOACHA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JUMAPILI YA PILI, MWEZI WA NANE

MAHALI: Darasa la watoto wadogo, nyuma ya kituo cha malezi ya mchana. Viti vya watu wazima vilikuwa vimefungiwa stoo na mwenye ufunguo hakuonekana, kwa hiyo wajumbe walikalia viti vya watoto.

MUDA WA KUANZA: Saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Fundi Bomba – Mwenyekiti
2. Mjane wa mwanzilishi, ambaye wajumbe humwita Shemeji – Katibu
3. Fundi Cherehani – Mjumbe
4. Mwokaji – Mjumbe
5. Kinyozi – Mjumbe
6. Mama Duka – Mjumbe (alichelewa)

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Mzee Pole. Miguu imemvimba.

KUMB. NA. 1/8: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwataka wajumbe wanyamaze kidogo na kila mmoja apumue taratibu. Kinyozi alisema kiti kimembana kiunoni na kupumua kumekuwa kazi. Mwenyekiti alimwomba apumue hivyo hivyo.

Kutokuwepo kwa Mama Duka kulizungumzwa kwa sauti ya chini. Katika umoja huu wa tunaoacha pombe mtu asipotokea bila taarifa, wajumbe wote huwaza jambo moja na hakuna anayelitaja. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama ili amfuate dukani kwake, Mama Duka akaingia, shavu likiwa bado na alama za mto. Alieleza kwamba alijilaza kidogo tu na usingizi ukamchukua. “Sijui umetoka wapi. Nilishasahau usingizi wa mchana una sura gani.” Wajumbe walicheka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Fundi Cherehani aliomba kwamba leo maneno ya watu yaandikwe kama yalivyosemwa. Alieleza kuwa Katibu ana moyo laini, mtu akitukana yeye huandika “alishauri”. Katibu alikubali kujirekebisha.

KUMB. NA. 2/8: TAARIFA YA MWOKAJI
Kabla ajenda hazijasomwa, Mwokaji aliomba nafasi. Aliposimama, kiti kiliinuka naye na Kinyozi akamsaidia kukivua.

Mwokaji alisema: “Ndugu zangu, nimekuja kuaga. Sikutaka kutoroka kama mwizi, mmenitendea wema. Kikao kikifungwa napita pale baa ya kona, nakunywa, halafu naingia kazini. Nimechoka.”

Mwenyekiti alimuuliza kama anatania. Mwokaji alijibu kwamba angekuwa anatania asingevaa shati la pasi.

Mwenyekiti hakujua taarifa hiyo iingie chini ya ajenda ipi. Aliuliza kama inaweza kusubiri mpaka “Mengineyo”. Mama Duka alimwambia, “Baba, mtu anazama, wewe unamwambia apange foleni?” Hata hivyo ilikubaliwa kwamba lalamiko la Fundi Cherehani lisikilizwe kwanza, kwa kuwa linamhusu Mwokaji huyo huyo na pengine mambo hayo mawili ni moja.

KUMB. NA. 3/8: LALAMIKO LA FUNDI CHEREHANI KUHUSU SUTI
Kwa faida ya atakayesoma bila kutujua: kanuni ya tatu, iliyoandikwa na mwanzilishi, inasema mjumbe akishikwa na kiu ya pombe asikae peke yake. Aende kwa mwenza aliyepangiwa, abishe hodi, aingie. Mwenza asimuulize kitu. Ampe kazi ya mikono, na wote wawili wanyamaze mpaka kiu ipite. Mwokaji na Fundi Cherehani ni wenza.

Fundi Cherehani alieleza kwamba Jumatano asubuhi Mwokaji alimbishia hodi akiwa anatetemeka. Alimpa wembe na koti la suti ya mteja, afumue mkono mmoja uliokuwa umekaa vibaya begani. Alichokuwa hajakisema mpaka leo ni kwamba yeye mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa ameshikwa na kiu, na alikuwa akitafuta viatu aende kwa Mwokaji. Basi akageukia ukuta, akakanyaga cherehani. “Bila kitambaa. Sindano inapanda inashuka, inashona hewa.”

Alipogeuka, koti halikuwa koti tena. Mikono, ukosi, mifuko na bitana vilikuwa vimepangwa sakafuni, kila kipande peke yake, na Mwokaji ameshaanza suruali. “Ameichuna kama mbuzi. Nami namwona. Nitamwambia nini, na kanuni inasema kimya? Nikakaa nikatazama mpaka akamaliza kiuno.”

Vipande vilitolewa mfukoni vikalazwa juu ya meza ya watoto. Fundi Cherehani alieleza kwamba mteja alikuwa aivae kwenye usaili wa kazi siku ile ile, akaishia kwenda na koti la kuazima lililomfika magotini. Aliomba abadilishiwe mwenza.

Mwokaji alisema: “Nilipewa nguo na wembe. Sikuambiwa niishie wapi.”

Kinyozi alishukuru kwamba hakupangiwa yeye, maana mteja wake angetoka bila nyusi. Mwenyekiti alimtaka aheshimu kikao.

Mwokaji aliomba radhi kwa suti. Aliongeza kwamba uzi ulipokuwepo alikuwa ametulia, na ulipokwisha alikuta jambo lenyewe halijaondoka. “Bado lipo. Limekaa tu, linanitazama.”

Mwenyekiti aliuliza ni jambo gani hilo. Mwokaji alisema, “Hapo ndipo sijui. Kiu naijua, nimeishi nayo. Kiu inakaa kooni, ina mahali pake. Hili halina mahali.”

KUMB. NA. 4/8: KAMA NI KIU AU NI HOFU
Ajenda hii haikuwepo. Iliingia yenyewe.

Mwokaji alieleza kwamba jambo hilo humjia jioni anapojiandaa kwenda bekari. Moyo humwenda mbio, viganja hulowa, na huhisi kuna mtu yuko njiani kumletea habari. Nyumbani hakuna mgonjwa. Mama yake humpigia simu kumwambia ni mzima, naye akikata simu huogopa zaidi. Alikwenda zahanati, akapimwa, moyo ukakutwa ni mzima. Daktari alimwambia ni wasiwasi, kwamba huwapata wengi walioacha pombe, na akamwandikia aonane na mshauri Alhamisi ijayo. “Alhamisi iko mbali, jamani. Leo ni Jumapili.”

Alisema pia: “Nilipokuwa nakunywa sikuogopa kitu. Nililala mtaroni na mvua inanyesha, sikuogopa. Sasa sinywi, sufuria ikianguka naruka. Mgonjwa ni nani hapo, ni yule au ni huyu?”



Mwenyekiti alitoa maoni kwamba hiyo ni kiu ile ile, imebadilisha shati. Mama Duka alikataa. Alieleza kwamba yeye hofu hiyo anayo tangu utotoni, kabla hajajua kikombe, na pombe ndiyo iliyokuwa dawa yake. “Umemnyang’anya mtu dawa, unashangaa ugonjwa umerudi?” Kinyozi alisema kwake ni kinyume: kiu hutangulia, halafu huja hofu kwamba kiu itamshinda. Fundi Cherehani alimuuliza anatofautishaje. Kinyozi alijibu kwamba hatofautishi, hupiga mswaki. “Nikishikwa, napiga mswaki. Siku nyingine mswaki unabaki mti tu.”

Mwenyekiti baada ya hapo alisema kwamba yeye akiingia chini ya sinki la mtu kuziba bomba, akimaliza hubaki huko huko amelala chali, kwa sababu chini ya sinki jambo hilo halimfuati. Wenye nyumba hudhani bomba limeharibika sana. Wajumbe hawakuwa wakilijua hili, na kwa muda walimtazama Mwenyekiti kama mgeni.

Mwenyekiti alijaribu kutoa majumuisho akashindwa. Alimwagiza Katibu aandike kwamba jambo hili halikueleweka. Limeandikwa.

KUMB. NA. 5/8: PENDEKEZO LA KUBADILI KANUNI YA TATU
Mama Duka alipendekeza kwamba mwenza aruhusiwe kuuliza swali moja: “Una nini?”

Fundi Cherehani, ambaye wajumbe walidhani angeunga mkono kwa ajili ya suti, alipinga kwa nguvu. “Mimi nikiulizwa naondoka. Nyumbani naulizwa na mke, naulizwa na mama mkwe, mpaka mtoto wa chekechea ananiuliza, baba, leo uko sawa? Kwa huyu Mwokaji ndipo mahali pekee ninapopewa unga nikande, hakuna anayenichungulia usoni. Msiniharibie.”

Mwokaji alisema bila kuinua macho: “Mimi nilikuwa nasubiri uniulize.”

Fundi Cherehani aliuliza lini.

“Jumatano. Nilimaliza ule mkono nikakutazama, umenipa mgongo. Nikasema nifumue na wa pili, labda atageuka. Nikaingia kwenye bitana. Nikasema nikigusa suruali lazima aseme neno.”

Fundi Cherehani alianza kukusanya vipande vya suti mezani, akavirudisha mezani, akavikusanya tena.

Mwenyekiti aliona kwamba kwa kuwa kanuni iliandikwa na marehemu, mjane wake aulizwe. Katibu alisema kwamba marehemu akishikwa alikuwa na kikombe kimoja cha bati alichokiosha. Alikisugua, akampa yeye akipanguse, naye akampangusia na kumrudishia, akakiosha tena. Hawakusemeshana. Walipomaliza, marehemu alikuwa akisema “haya” na kwenda kulisha kuku. Katibu siku zote aliamini kwamba kile kimya kilimsaidia. Leo amesikia mengine na hajui. Hawezi kusema ilikuwa kiu au hofu, na wa kuulizwa hayupo. Katibu hakuwa na maoni zaidi. Mama Duka alivuta kiti chake karibu na cha Katibu.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mama Duka alikubali, Fundi Cherehani alikataa, Kinyozi alinyoosha mkono mara zote mbili. Mwokaji alisema hapigi kura kwa sababu anaondoka. Katibu hakupiga. Mwenyekiti alisema hawezi kuamua jambo ambalo hajalielewa. Kanuni haikubadilishwa, na pia hakuna aliyesema imebaki.

KUMB. NA. 6/8: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO
Hakukuwa na mengineyo. Mwenyekiti alisimama ili afunge kikao. Kinyozi alisema: “Mwenyekiti, ukifunga, huyu anakwenda kunywa.” Mwenyekiti alikaa.

Mlinzi alichungulia, akasema anataka kufunga darasa. Mwokaji naye alikumbusha kwamba unga haukandwi kwa maneno, na zamu yake inakaribia.

Fundi Cherehani aliuliza katiba inasema kikao kifanyikie wapi. Katibu aliipekua na kueleza kwamba haisemi. Fundi Cherehani alitoa hoja kwamba kikao kisifungwe, bali kihamie njia ya kwenda bekari. Mama Duka aliunga mkono. Mwokaji alisema hawahitaji kujisumbua. Mwenyekiti alimjibu kwamba mjumbe asiye na hoja asikatize.

Kikao kiliendelea kwa miguu. Kilipofika kona, muziki ulikuwa juu na mwenye baa alisimama mlangoni, akawasalimu wajumbe watatu kwa majina yao ya zamani. Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba wako kikaoni na anayetaka kuzungumza anyooshe mkono. Kinyozi alinyoosha mkono. Aliporuhusiwa alisema hana la kusema, alitaka tu mkono wake uwe mbali na mfuko.

Mwokaji alisimama mbele ya mlango. Wajumbe wote walisimama. Alikuwa akitoka jasho. Mwenyekiti alimtazama Katibu kana kwamba katiba ina kifungu kuhusu hilo. Haina.

Fundi Cherehani alimkaribia akamuuliza: “Una nini, kaka?”

“Naogopa.”

“Unaogopa nini?”

“Sijui, kaka. Ningejua ningekwambia.”

“Basi hata mimi sijui,” Fundi Cherehani alisema. “Tusimame hapa wote hatujui.”

Walisimama. Mwenye baa aliuliza kama kuna msiba. Mama Duka alimjibu kwamba ni kikao. Baada ya muda, ambao Katibu hakuupima, Mwokaji alifuta uso kwa mkono wa shati lake la pasi na kuanza kutembea kuelekea bekari. Kikao kilimfuata.

Bekari, msimamizi wa zamu aliuliza hawa ni akina nani. Mwokaji alisema ni watu wake. Wajumbe walikalia magunia ya unga, ambayo wote walikubali ni afadhali kuliko vile viti. Mwokaji alinawa, akavaa aproni, akaanza kukanda. Mikono iliendelea kutetemeka ndani ya donge na alikanda hivyo hivyo.

Mwenyekiti alimuuliza kama lile jambo limeondoka. Mwokaji alisema halijaondoka. Mwenyekiti aliuliza kama kikao kifungwe. Mwokaji alisema, “Bado.”

Fundi Cherehani aliondoa ombi lake la kubadilishiwa mwenza. Iliazimiwa kwamba atamsindikiza Mwokaji zahanati Alhamisi, na kwamba siku za hapo katikati wajumbe watapokezana kumsindikiza kazini jioni. Utaratibu wa kumpitisha ile kona haukukamilika kwa sababu kila mjumbe alitaka aende na mwingine.

Donge la mwisho lilipofunikwa ili liumuke, Mwokaji alimgeukia Mwenyekiti akasema:

“Funga sasa. Lakini msiondoke wote kwa mara moja.”

Mwenyekiti alifunga kikao saa moja kasorobo jioni. Wajumbe waliondoka mmoja mmoja, kwa kupeana nafasi. Wakati Katibu anaondoka, Fundi Cherehani alikuwa bado amekaa kwenye gunia.

Sahihi: Fundi Bomba, Mwenyekiti
Sahihi: Shemeji, Katibu