Kuhusu Mashine ya Makasia Isiyo na Sauti

Kwako mjukuu wangu mpendwa Evelyne, amahoro kutoka Rumonge. Nakuandikia kwa madhumuni ya kujibu swali lako kuhusu mashine ya kupigia makasia, kwa mazoezi niliyoamriwa na daktari. Bibi yako hainuki tena kitandani. Ndiyo maana ulipendekeza ile ndogo, isiyo na sauti.

Ujanani mwangu, wavuvi wa Magara tulirudi ufukweni tukiimba, isipokuwa mtumbwi ulipobeba maiti. Asubuhi moja tulipiga makasia kimya. Bibi yako alianza kumlilia kaka yake kabla hatujafika.

Jana nilimweleza habari ya mashine. Akasema, "Muzee, kimya hapana! Piga kelele, nijue bado uko muzima."

Udogo naukubali, kwani chumba chetu ni kimoja. Naomba uamue: je, utatuma yenye sauti?